Ulezi wa Editha, na Swali Ambalo Mahakama Haikuulizwa

Mtakapokikalia kiti cha hakimu kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza mtakaloligundua ni kwamba hakikai sawa. Changu, katika mahakama ya mwanzo niliyopangiwa nikiwa na miaka ishirini na minane, kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kwa muda mrefu nilitoa hukumu nikiwa nimeinamia kidogo upande wa mlalamikaji. Nilikisawazisha kwa kipande cha tofali baada ya mshitakiwa mmoja, mtu wa mzaha, kuniomba ruhusa ya kuhamia upande wa pili.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, nguvu zipo na meno yote yapo, na tangu hapo vijana wa sheria huja nyumbani kwangu Izia, hapa Sumbawanga, na maswali yao. Wengi huuliza habari za mirathi na talaka. Hivi karibuni binti mmoja aliyeajiriwa juzijuzi aliniuliza jambo jingine. "Mama," alisema, "ulifanyaje pale ambapo kila upande ulikuwa na haki?" Nilimwambia anywe chai kwanza, kwa sababu jibu ni refu. Chai iliisha kabla sijamaliza, na sasa ninaliandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu mnaomfuata.

Mtu aliyenifundisha swali hilo si hakimu. Ni kaka yangu Anselmi, ambaye alifundisha falsafa seminarini kwa miaka mingi, na ambaye tumeishi naye ua mmoja tangu wazazi wetu walipofariki. Anselmi hupenda jambo lenye utata kama watu wengine wanavyopenda asali. Ukimpelekea jambo lenye pande mbili, atakurudishia likiwa na pande tano, tena akiwa amefurahi. Mimi nililipwa mshahara ili nilipokee likiwa na pande mbili na kulitoa likiwa na mmoja. Kwa miaka mingi tulidhani tunafanya kazi zinazopingana.

Tofauti yenyewe niliielewa kwanza kwa pua. Nilikuwa nimepelekwa Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, kumshikia nafasi hakimu aliyekuwa mgonjwa. Siku ya pili liliingia shauri la tenga la samaki wabichi. Tenga lilikuwa limedondoka kutoka kwenye baiskeli ya mchuuzi; mtu mmoja akaliokota, akakaa nalo kivulini tangu asubuhi akimngojea mwenyewe, na kufikia alasiri, njaa ilipomzidi, akachoma samaki wawili akala. Mwenyewe alipofika alishukuru kwa tenga, kisha akaenda kushitaki kwa wale wawili. Mlalamikaji aliomba tuahirishe kwa wiki moja ili shahidi wake arudi kutoka safarini. Tenga lilikuwa mezani mbele yangu, jua la bonde likiwa juu ya bati. Mshauri mmoja wa mahakama, mzee wa hapohapo Muze, aliniinamia akaninong'oneza, "Mheshimiwa, tukiahirisha, kielelezo kitatoa hukumu chenyewe."

Nilimaliza ndani ya saa moja. Kielelezo kinachooza hukaguliwa siku hiyohiyo, huandikwa kilivyo, kisha huondoka mezani kwa amri. Lifahamuni hilo, na msiwaachie makarani. Mwokotaji nilimwachia huru. Niliporudi nyumbani nikamsimulia Anselmi, aliuliza kama mtu anayelinda kitu ana haki ya kula katika anachokilinda, na kama njaa inaongeza haki hiyo au inaongeza kisingizio tu. Swali hilo alilipeleka darasani, likakaa huko muhula mzima. Wanafunzi wake walikuwa bado wanabishana wakati mlalamikaji na mshitakiwa wangu walikwisha kupatana na kuchuuza samaki pamoja.

Sisemi hivyo kumdharau. Mwanafalsafa hana samaki mezani, na kwa hiyo anaweza kungoja hadi ukweli wote ufike. Hakimu ana samaki mezani kila siku, hata pale ambapo mezani pana karatasi tupu. Lakini kuna siku ambapo haraka ya hakimu humla mtu, na siku hiyo ni lazima niwasimulie.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Mahakama yetu ilikuwa kijijini, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Laela. Kwa taratibu za wakati ule, hakimu wa mahakama ya mwanzo aliketi na washauri wawili, na kura ya kila mmoja wao ilikuwa sawa na yangu. Wawili wakikubaliana, wa tatu ameshindwa, hata kama wa tatu ndiye aliyekwenda chuo. Washauri wangu walikuwa Mzee Leonsi, mkulima mkimya mwenye kofia ya sufu aliyokuwa akiivua kila alipovuka kizingiti, na Mama Perpetua, kiongozi wa wanawake parokiani, ambaye hakuwahi kuwa mkimya kwa sababu yoyote.

Siku hiyo aliletwa mwanamke aitwaye Editha, mjane, mwenye watoto wawili. Aliyemshitaki ni shemeji yake, Gaudensi, mdogo wa marehemu mume wake. Shitaka lilikuwa wizi wa mazao: kwamba Jumapili moja, Gaudensi akiwa misani, Editha aliingia shambani pamoja na wanawake wawili, akakata masuke yote ya ulezi na kuyapeleka nyumbani kwake.

Kwa ninyi mliokulia mjini na jembe mmeliona kwenye nembo tu, nieleze. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima wa kwetu hugeuza nyasi na kuzifukia ndani ya udongo, akiinua matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba. Nyasi huoza humo kiangazi chote. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo husambazwa, na mbegu ya ulezi humwagwa juu ya mbolea ile. Anayefukia nyasi anafanya kazi ya mwaka huu kwa ajili ya chakula cha mwaka ujao. Mimi nilikuwa mtoto wa karani wa mjini. Ntumba nilizijua kwa kuziona kupitia dirisha la basi, na nilidhani kuziona kunatosha.

Nilimsomea Editha shitaka, nikamwuliza kama ni kweli. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni kweli nilivuna, Mheshimiwa. Nilivuna ntumba zangu."

Nikaandika: *Ni kweli nilivuna.* Nikaweka nukta.

Nikamwuliza, "Shamba ni la nani?"

"La baba mkwe. Marehemu."

"Mbegu ilimwagwa na nani?"

"Na shemeji."

Basi, nilijiambia, limekwisha. Majalada mengine yalikuwa yamepangwa pembeni yangu, na basi la kurudi mjini halikuwa na desturi ya kumngoja hakimu. Nikamtia hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe, nikasema adhabu itatolewa kesho yake saa tatu. Mama Perpetua alitikisa kichwa kukubali. Mzee Leonsi alikuwa anatazama dari.

Editha hakulia. Aliuliza, "Sasa ninakwenda wapi?"

"Mahabusu, hadi kesho."

"Na mama mkwe atapikiwa na nani? Haoni."

Gaudensi akasimama. "Mimi nitamchukua. Ni mama yangu mzazi."

"Leo ndiyo umekumbuka?" Editha alimgeukia. "Mwaka mzima namwogesha, hujawahi kumletea hata maji!"

Nikagonga meza nikawanyamazisha. Nilikuwa hodari sana wa kugonga meza.

Jioni ile, tukila, nilimsimulia Anselmi, na sikumsimulia kwa kutaka ushauri. Nilitaka tu kumchokoza kwa jambo zuri. Aliacha kula papo hapo.

"Mmoja amefukia nyasi, mwingine amemwaga mbegu," alisema, akianza kutembea chumbani na bakuli mkononi. "Nani mama wa ulezi? Ukisema mbegu, basi udongo ni chombo tu. Ukisema udongo, basi mbegu ni mgeni aliyekaribishwa. Na kama hakukaribishwa? Na kama aliyenyamaza amekubali? Je, kimya ni neno?"

"Kaka, kesho saa tatu."

"Saa tatu ya nini?"

"Ya jibu."

Alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Koleta, watu wanalihangaikia hili tangu Adamu kushika jembe, na wewe unataka liishe saa tatu?"

"Limekwisha tayari. Mwanamke mwenyewe amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kuvuna."

"Kuvuna ni kosa?"

"Kuvuna cha mtu ni kosa."

"Na yeye alikwambia alivuna cha mtu?"

Nilimwambia ugali unapoa. Nawaambia ninyi sasa, kwa kuwa sikumwambia yeye: nilijua palepale. Sheria tuliyofundishwa chuoni inasema wazi kwamba kukiri lazima kusiwe na mlango wa nyuma. Mtu akisema "ni kweli, lakini," hajakiri. Umwandikie kwamba amekana na usikilize ushahidi. Na inasema pia kwamba anayechukua kitu akiamini kwa moyo mweupe kwamba ni haki yake, hata kama amekosea kuamini, huyo si mwizi. Anaweza kuwa mkaidi, anaweza kuwa mjinga, anaweza kudaiwa kwenye baraza lingine. Mwizi siye. Hayo niliyajua na mtihani wake nilifaulu. Maneno mawili ya Editha, *ntumba zangu*, niliyaacha kwa sababu yaliniletea kazi.

Kesho yake nilifika mapema. Jalada lilikuwa safi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zile, na ukurasa ule haukuwa na hata kufuta kumoja. Nilikaa nao ofisini, na sitawadanganya: nilifikiri kwamba hakuna atakayejua. Mwenendo wa shauri ni ule ulioandikwa. Rufaa ikienda, hakimu wa wilaya atasoma *Ni kweli nilivuna*, na nukta.

Mzee Leonsi aliingia, kofia mkononi. Hakukaa.

"Mheshimiwa, naomba unisomee alichosema yule mama."

Nikasoma.

"Soma mbele."

"Mbele hakuna kitu, mzee."

Aliizungusha kofia yake. "Mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo ndani ya jengo lile, "kalamu yako ilichoka kabla ya mdomo wake."

Kisha akatoka akaenda kukaa mahali pake.

Saa tatu nilisema mbele ya watu wote kwamba jana nilikosea kuandika, kwamba mshitakiwa hakukiri, na kwamba tutaanza upya. Gaudensi aliruka. "Mheshimiwa, si alikubali? Watu wote walisikia!" Nikamwambia watu wote walisikia, na mimi pia nilisikia, na ndiyo maana tunaanza upya. Mama Perpetua aliniangalia kwa jicho ambalo nadhani aliliweka kwa ajili ya wale wanaokuja kwaya wamechelewa. Jirani mmoja alisimama kumdhamini Editha, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Usiku mmoja wa baridi ya Julai alikuwa ameshaulala sakafuni. Sheria haikumlaza pale. Nilimlaza mimi, kwa nukta yangu.

Kwa hiyo fundisho langu la kwanza ni dogo na halimo kwenye vitabu vya falsafa: andikeni maneno ya mtu yalivyotoka. Siku hizi mnaandika kwa kompyuta na mashauri yana mfumo wake, nami nafurahi, maana mwandiko wa baadhi ya wenzangu ulikuwa adhabu tosha. Lakini kompyuta nayo ina nukta, tena inabonyezwa kwa kidole kimoja.

Ushahidi ulisikilizwa wiki iliyofuata, na hapo ndipo nilipouona utata wenyewe ukiwa umevaa nguo. Gaudensi alieleza kwamba shamba ni la baba yao. Kaka yake alipofariki, lilirudi kwake. Alikwenda na maksai na plau yake, akasambaza ntumba, akamwaga mbegu yake. Editha alimwona na hakusema kitu. "Angekuwa na neno, angesema. Nikajua ameafiki."

Editha alieleza kwamba ntumba zote alizifukia yeye, mume akiwa kitandani, akitoka shambani anakwenda kumgeuza mgonjwa, akitoka kwa mgonjwa anarudi shambani. Shemeji alipokuja na maksai, yeye bado alikuwa na kitambaa cha msiba kichwani. "Kwetu mtu akifiwa na mume, ndugu wa marehemu wanamlimia msimu wa kwanza. Nilijua ananilimia. Nilimpikia na uji."

"Ni kweli alikupikia uji?" nilimwuliza Gaudensi.

"Alipika. Niliunywa. Mtu analima, unampa uji, si kawaida?"

Utaratibu humpa mshitakiwa nafasi ya kumhoji shahidi. Wengi hawajui kuitumia; huanza kusimulia upya au kutukana. Wasaidieni kwa subira. Editha hakuhitaji msaada wangu.

"Shemeji, nilipokuwa napalilia, ulipita njiani?"

"Nilipita."

"Mara moja?"

"Nilipita, nilipita. Njia ni ya wote."

"Ukaniambiaje?"

"Nilikuambia pole na kazi."

"Kazi ya nani?"

Watu walicheka. Gaudensi alinigeukia mimi, amekasirika kweli. "Mheshimiwa, mtu akimkuta mwenzake anapalilia ampite kimya kama ng'ombe?"

"Jibu swali," nikasema. "Ulidhani anapalilia ulezi wa nani?"

Alifikiri. Nitamheshimu daima kwa sababu alifikiri. "Nilidhani ananisaidia," alisema. "Kwa kuwa ni wa familia."

Kila mmoja wao alikuwa amedhani mwenzake anamsaidia. Mwaka mzima, shukrani zilikuwa zinapita njiani bila kusimama.

Ingekuwa nyepesi kama ingeishia hapo. Lakini zamu ya Gaudensi ya kuhoji ilifika, naye hakuwa mjinga.

"Kwa nini ulivuna Jumapili?"

"Ndiyo siku niliyopata wa kunisaidia."

"Wanawake wawili Wakatoliki, wanaacha misa kwenda kuvuna? Sema ukweli, shemeji."

"Niliogopa," Editha alisema.

"Mwenye mali anaogopa?"

"Nilikuogopa wewe. Sikuuogopa ulezi."

Shahidi wa mwisho alikuwa mama yao, ambaye Gaudensi alimleta yeye mwenyewe. Alikuwa mzee sana, macho yamefunga, na aliniita mjukuu wake hadi karani akachoka kumsahihisha. Nilimwuliza ulezi ulikuwa wa nani.

"Upi? Huu ninaokula?"

"Huo, bibi."

"Nikiuliza nani analima, huyu ananiambia tunalima. Yule naye akija, ananiambia tunalima. Mimi sioni, mjukuu wangu. Nilijua wanalima pamoja."

Tulikwenda faragha kupiga kura. Mzee Leonsi alikuwa na maneno machache: "Aliyefukia nyasi hawezi kuiba kilichoota juu yake." Kura ya kwanza: si mwizi.

Mama Perpetua aliweka mikono mezani. "Mimi pia ni mjane," alisema, "na ntumba nimefukia hadi mgongo ukapinda. Kwa hiyo msinione sina huruma. Lakini huyu alijua. Mtu anayejua haki yake anavuna mchana wa Jumatatu, tena anapiga vigelegele. Huyu alingoja kengele ya misa. Na alikata yote! Hakumwachia mwenziwe hata suke la kuonja. Maksai nao walikula majani ya bure?" Kura ya pili: mwizi.

Wakanigeukia mimi.

Sasa yule binti aliyeniuliza, na ninyi nyote, nisikilizeni vizuri. Kama ningekuwa Anselmi, pale ndipo kazi ingeanza. Ningeuliza kama mtu anaweza kuamini kitu na kukitilia shaka kwa moyo uleule. Ningeuliza kama woga ni ushahidi wa hatia au ni ushahidi wa kuishi chini ya mtu mwenye maksai. Ningeuliza haki ni ya jasho, au ya damu, au ya mbegu. Maswali hayo yote yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Lakini mimi sikuulizwa hata moja kati ya hayo. Niliulizwa swali dogo kuliko yote: je, imethibitishwa, pasipo shaka, kwamba mwanamke huyu alichukua akijua si chake? Uji, palizi, pole na kazi, vilikuwa upande mmoja. Kengele ya misa ilikuwa upande wa pili. Sikujua moyoni mwa Editha kulikuwa na nini siku ile ya Jumapili. Sijui hadi leo. Sheria haikunidai nijue. Ilinidai niseme kama shaka ipo, kisha ikaniambia, kabla hata sijafika, shaka ikiwepo inamwangukia nani.

Watu husema sheria haielewi utata. Nimeifanya kazi hii karibu miaka thelathini, na nasema wamekosea. Falsafa inauacha utata ukae sebuleni kama mgeni wa heshima, hata uzeeke humo. Sheria nayo imeshaamua mapema ni nani ataubeba ikifika jioni na hakuna anayejua. Imeamua asiubebe mshitakiwa. Huo nao ni uamuzi wa kimaadili, tena wa kishujaa, na ulifanywa na watu waliokuwa wamefikiri sana kabla yetu. Kwa hiyo msione haya kuwa na jibu dogo. Hakikisheni tu kwamba mmeulizwa swali sahihi, na hilo mtasaidiwa na akina Anselmi. Bila yeye kuniuliza *amekiri nini*, ningekuwa na jibu la haraka kwa swali ambalo halikuwepo.

Nilipiga kura: si mwizi. Mama Perpetua alitia saini hukumu pamoja nasi, akabonyeza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Nilipomaliza kuisoma, Editha alibaki amesimama.

"Kwa hiyo ulezi ni wangu, Mheshimiwa?"

"Sikusema hivyo."

"Ni wa shemeji?"

"Hilo pia sikusema."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema wewe si mwizi. Mambo ya shamba yana baraza lake. Anayetaka aende huko."

Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Gaudensi naye alinitazama vivyo hivyo, na nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana tangu msiba. Sikuyumba. Kama ningejaribu kuwapa zaidi ya nilichoulizwa, ningekuwa ninagawa kisicho changu.

Palibaki gunia moja la ulezi, kielelezo, ambalo polisi walikuwa wamelileta. Kielelezo hurudi kwa yule ambaye kilichukuliwa kwake, isipokuwa kukiwa na amri nyingine. Nikaamuru lirudi kwa Editha, bila kuathiri madai ya mtu yeyote. Likatolewa nje likawekwa barazani.

Niliwaona kupitia dirisha. Editha alijaribu kuliinua, likamshinda, maana mkono mmoja ulikuwa umemshika mama mkwe. Gaudensi alikuwa amekwisha kuipanda baiskeli yake.

"Shemeji, unaileta hiyo baiskeli au nivunjike mgongo?"

"Nibebe ulezi ulionishindia mahakamani? Mimi mtu wa kuchekwa?"

"Si umesikia, hakuna aliyeshinda."

"Kwa hiyo ndiyo nikubebee?"

"Gaudensi," alisema mama yao. Neno hilo moja tu.

Akashuka. Wakalipandisha gunia kwenye kiti cha nyuma, wakalifunga kwa kamba ya mpira, yeye akisukuma, Editha akimwongoza bibi kwa upande wa pili. Walikuwa hawajafika barabarani wakaanza tena: gunia litashushwa kwangu, hapana, kwangu ndiko kuna kinu, kinu cha nani, kinu si cha marehemu? Sauti zao ziliendelea hata nilipokuwa siwaoni, na karani akaniwekea mbele jalada lililofuata.

Sijawahi kujua lilishushwa mlango upi. Najua kwamba usiku ule Editha alilala kwake.